Mtaji wa Mgeni

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii twaifundisha darasani kila mwaka, na watoto huieleza upesi: mgeni akija, kuku huchinjwa, na mwenyeji naye hupata kula. Tena wanayo methali ya pili, nayo wanaipenda zaidi: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Lakini hakuna mtoto aliyepata kutuuliza, je, mgeni akipewa jembe na asipewe shamba, atalima wapi? Jibu ni hili: atauza kitu. Atachoma mahindi kando ya njia, atashona nguo, atapika chai. Kwa hiyo katika nchi zote duniani, mgeni asiye na ardhi aghalabu huanza na biashara ndogo. Twataka leo kuwaeleza wasomaji wetu mambo tuliyoyaona kwa macho yetu juu ya wageni wa namna hiyo katika Handeni na Korogwe, kwa kuwa twaona yamo mafundisho ndani yake, kwa mgeni na kwa mwenyeji pia.

Wageni hawa si wageni kama wengine. Katika miaka ya 1830 njaa kuu iliingia Uzigua. Wazee husema watu walikula hata ngozi. Katika shida hiyo watu wengi walijitoa wenyewe, au walitolewa na jamaa zao, kwa wafanya biashara wa pwani ili wapate chakula, wakidhani watakwenda kufanya kazi kwa muda na kurudi. Hawakurudi. Walipakiwa majahazini wakapelekwa kaskazini mpaka pwani ya Somalia, huko Barawa na Merka, wakauzwa kuwa watumwa wa mashamba. Masimulizi yao husema ya kwamba mwanamke mmoja mwenye kutabiri, jina lake Wanankhucha, aliwaongoza wengi wakatoroka, wakaenda mpaka misitu ya mto Juba. Huko wakafyeka, wakajenga vijiji, wakalima mahindi na ufuta, wakafundisha watoto wao Kizigua kizazi baada ya kizazi. Basi watu hao walikaa ugenini zaidi ya miaka 150, wala hawakuisahau lugha ya mama zao.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na vita vikaenea nchini. Wakulima wa Juba hawakuwa na bunduki wala ukoo wenye nguvu wa kuwatetea. Waliporwa chakula, wakauawa, wakakimbia. Wengi walikwenda Kenya. Wengine walipanda majahazi wakashuka Mombasa, na wengine wakafika kwetu Tanga, wakasema, "Sisi ni Wazigua, tumerudi." Serikali iliwaweka katika kambi ya Mkuyu, wilaya ya Handeni, na baadaye wakahamishiwa Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, wakapewa viwanja na mashamba. Sisi tulikuwa wadogo siku zile. Twakumbuka bibi zetu wakisimulia jioni habari za watu waliotoka mbali wanaosema Kizigua cha kale, chenye maneno ambayo vijana wa hapa hawayajui tena.

Mnamo mwaka 2012 tulipelekwa kufundisha katika wilaya ya Handeni, na hapo ndipo tulipoanza kuwajua watu hawa kwa ukaribu, kwa kuwa tulikutana nao kwenye gulio. Msomaji ajuaye nchi ya Handeni ajua ya kwamba gulio halina mfano. Siku moja katika juma uwanja mtupu hujaa watu, mbuzi, mitumba, sufuria, tumbaku na mahindi. Jua likishuka, hubaki majani na vumbi. Asiyeuza siku ile hungoja juma zima.

Tuliona jambo la kwanza la kushangaza: mtaji wao wa kwanza haukuwa fedha, ulikuwa lugha. Mwanamke kutoka Chogo alikuwa akitandika mkeka wake, anapanga ufuta kwa vikopo, na kuwaita wanunuzi kwa Kizigua. Wazee wa kike wa hapa walikuwa wakisimama, wakisikiliza, wakicheka kwa furaha. Mmoja tulimsikia akisema, "Huyu anasema kama marehemu bibi yangu." Akanunua vikopo viwili, ijapokuwa ufuta alikuwa nao nyumbani kwake. Mgeni mwingine angefanya kazi miaka mitatu kabla ya kupata neno kama lile.

Lakini lugha haikutosha. Watu hawa walikuwa bado wakimbizi, na kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 mkimbizi haruhusiwi kutoka katika makazi yake pasipo kibali. Sheria ina sababu zake, wala hatutaki kuzibishia hapa. Twataka tu msomaji afikiri jinsi ilivyomgusa mwuzaji mdogo. Nyanya huiva siku yake. Gulio lina siku yake. Kibali nacho kina siku yake, na siku hizo tatu hazikupatana kila mara. Mwenye duka kubwa huweza kungoja, maana mali yake i rafuni. Mwenye tenga moja la nyanya akingoja siku mbili, amekwisha filisika.

Mnamo mwaka 2009 habari zilienea ya kwamba Serikali imeanza kuwapa watu wa Chogo uraia, na mwaka 2014 wengine wengi walipata vyeti vyao. Mwaka uliofuata tulihamishiwa Korogwe, na huko tukakutana na mama mmoja wa Chogo ambaye tulikuwa tukimwona zamani kwenye gulio. Hatutamtaja jina. Mume wake alikwisha kufa, naye alikuja Korogwe na binti yake, akapanga chumba kimoja jirani nasi, akaanza kupika maandazi na chai karibu na stendi ya mabasi. Binti aliingizwa darasani kwetu.

Mama huyu hakujua kusoma, lakini hesabu ya kichwa aliijua vyema. Siku moja alitujia akasema, "Mwalimu, shikamoo, nisaidie. Nauza yote, lakini kila Jumamosi mfuko ni mtupu." Tulicheka kwa kuwa alitupa shikamoo ijapokuwa ni mkubwa kwetu kwa miaka mingi, watu wa makamo yake huwaheshimu walimu hivyo. Tukamrudishia shikamoo iliyo yake, tukaketi na binti na daftari, tukaandika. Kwa siku moja alitumia unga kilo 3 kwa shilingi 3,900, sukari nusu kilo, 1,000, mafuta lita moja, 3,500, mkaa, 1,000, hamira na iliki, 400. Jumla 9,800. Alipata maandazi 120, kwa shilingi 100 kila moja, yaani 12,000. Zilibaki 2,200, akitoa ushuru wa 300, zilibaki 1,900. Hiyo ndiyo faida ya mtu anayeamka saa tisa ya usiku.

Basi fedha ilikuwa ikipotelea wapi? Binti alijibu kabla ya mama: "Wanakopa." Tukahesabu tena. Maandazi 20 tu yakikopwa, shilingi 2,000 hazionekani, na mama amefanya kazi tangu saa tisa ya usiku kwa hasara ya shilingi 100. Tukamwuliza, kwa nini humkatalii mtu? Alinyamaza kidogo, akasema: "Mwalimu, wewe ukimnyima mtu andazi, atasema mwalimu yule mchoyo. Mimi nikimnyima, atasema wale watu ni wachoyo. Nami sina andazi la kulipia watu wote wa Chogo."

Maneno haya tumeyafikiri mara nyingi. Mwenyeji akikosa, lake ni kosa la mtu mmoja. Mgeni akikosa, laandikwa juu ya ukoo wake wote. Kwa hiyo mgeni huuza kwa bei ya chini, hukopesha asiyemjua, hucheka anapotukanwa, na hayo yote ni gharama za biashara yake ambazo hakuna daftari lenye mstari wake. Wako wasemao wageni hufanikiwa kwa kuwa wana ujanja. Sisi twasema, hufanikiwa wakifanikiwa kwa kuwa wamelipa ushuru mara mbili: mmoja kwa halmashauri, mmoja kwa macho ya watu.

Dawa aliipata mwenyewe, wala si sisi tuliyempa. Alimwambia binti aandike majina ya wakopaji wote katika daftari, mbele yao, kwa heshima, naye akawa akisema, "Mwanangu anajifunza kuandika, mpe jina lako aliandike vizuri." Mtu akiona jina lake limeandikwa na mtoto wa shule, huona haya kulikuta tena juma la pili. Wachache waliacha kuja. Walio wengi walilipa.

Sasa tueleze habari ya upatu, maana hapo ndipo tulipojifunza zaidi. Tulikuwa na upatu wa watu tisa, walimu na majirani. Mama aliomba aingie awe wa kumi. Kila mtu alitoa shilingi 5,000 kila juma, na kila juma mmoja alipokea 50,000. Wenzetu walibishana. Mmoja akasema, "Ni mtu mwema, lakini kwao ni wapi? Akipokea kisha akaondoka usiku, tutamfuata Somalia?" Mwingine akasema, "Na awe wa mwisho." Neno hilo likakubaliwa, naye akalipokea bila manung'uniko.

Basi, msomaji, hesabu nawe. Anayepokea juma la kwanza ni mdeni wa wenziwe wote. Anayepokea juma la kumi amekwisha kutoa 45,000 kabla ya kuona hata senti moja. Yule ambaye watu waliogopa atawakimbia ndiye aliyewakopesha wote. Hakukosa juma hata moja. Juma la kumi alipokea 50,000, akanunua mfuko wa unga wa kilo 25 kwa shilingi 30,000, akawa anapata kila kilo kwa 1,200 badala ya 1,300, na fedha iliyobaki akanunua sufuria kubwa. Akiba ya shilingi 300 kwa siku si mali ya kujivunia. Lakini ndiyo iliyolipa ushuru wake. Mzunguko wa pili wa upatu, wenzetu wakamweka wa tatu. Hakuna aliyetoa hotuba. Jina lake lilisogezwa tu katika orodha, naye aliliona.

Mwishoni mwa mwaka 2018 Serikali ilitoa vitambulisho vya wafanya biashara wadogo kwa shilingi 20,000. Mama alikuwa miongoni mwa waliopata mapema, akakivaa shingoni hata siku za kwenda msibani. Watu walimcheka. Sisi hatukucheka. Mtu aliyekaa miaka mingi akiomba karatasi ili avuke barabara, akipata karatasi inayosema huyu anaruhusiwa kuuza, atakosaje kuivaa?

Mnamo mwaka 2022 alimpokea mtoto wa dada yake, kijana aliyekulia katika kambi huko Kenya, ambako jamaa zao wengine walikimbilia. Kijana huyu alijua kutengeneza simu. Aliweka meza ndogo yenye bisibisi na taa, na kwa muda mfupi wanafunzi, waendesha bodaboda na hata walimu wakawa wanampelekea simu zao. Alikuwa na mkono mwepesi na kauli njema. Lakini cheti cha uraia hakuwa nacho, maana alikuja baada ya wenziwe kuandikwa.

Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya baadhi ya biashara: kuuza bidhaa rejareja, kutuma na kupokea fedha kwa simu, kutengeneza simu, saluni, kununua mazao shambani, na nyingine, jumla aina 15. Amri hiyo haikuja bure. Wafanya biashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walikuwa wamelalamika muda mrefu ya kwamba wageni wenye mitaji mikubwa wanashindana nao katika kazi za mikono midogo, nao hawana mahali pengine pa kukimbilia. Twaona lalamiko lao lina haki. Mwenyeji ana ruhusa ya kulinda chungu chake. Lakini wavu uliotegwa kwa ajili ya papa hunasa dagaa pia, na meza ya kijana yule ikaondolewa kando ya stendi juma lile lile, aliiondoa mwenyewe.

Jirani mmoja alimshauri mama, "Andika meza ile kwa jina lako. Wewe ni raia. Nani atajua?" Mama akamjibu mbele yetu: "Karatasi ile nimeingoja tangu nilipoingia nchi hii mpaka mwaka 2014. Sitaikodisha, hata kwa mwanangu." Kisha akaingia ndani, tukamsikia akilia. Kijana yu Chogo sasa, analima shamba la mama yake mkubwa, na anafuata njia ya kuomba uraia. Bisibisi zake zimefungwa katika kitambaa, ziko juu ya kabati la mama.

Hatukuandika haya ili kuilaumu amri. Twaandika ili msomaji ajue ya kwamba karatasi si karatasi tu. Kwa mwenyeji, uraia ni kama hewa, hauonekani. Kwa mgeni ni mtaji ulio mkubwa kuliko fedha, na pengine njia ya kuupata ni ndefu kuliko maisha ya biashara yenyewe.

Tena yafaa watu wa Korogwe tukumbuke jinsi mji wetu ulivyopata kuwa mji. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1902. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893 na Dr. Richard Hindorf, ulihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Basi watu wakaja kutoka Ruanda na Urundi, kutoka Nyasa, kutoka Msumbiji na pande zote za nchi, wakaitwa manamba kwa kuwa waliandikwa kwa namba. Wahindi na Waarabu wakafungua maduka. Wengi wa manamba, mkataba ulipokwisha, hawakurudi kwao. Walianza kwa kuuza chai, kushona viatu na kunyoa nywele. Wajukuu wao leo ndio wenyeji wanaouliza, "Huyu kwao ni wapi?"

Na jamaa za mama huyu wametawanyika mbali zaidi. Tangu mwaka 2003 Marekani iliwapokea Wabantu wa Somalia wapatao 12,000. Katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, ambako theluji hufunika ardhi miezi mingi, wako waliopata mashamba, wakalima mahindi na mboga kama walivyolima kando ya Juba, na kuuza katika masoko ya huko. Twadhani nao wamekutana na wakopaji, na vibali, na macho ya watu, ijapokuwa kwa lugha nyingine.

Basi tumalize kwa mashauri machache. Kwa mgeni aanzaye biashara: jambo la kwanza, fanya karatasi zako ziwe safi kabla ya kununua bidhaa, wala usikubali jina lako litumiwe na mtu wala kutumia la mtu. La pili, andika kila senti, na kama hujui kuandika, mtoto wako anajua, mpe kalamu. La tatu, anza na kitu ambacho mikono yako inakijua, maana ugeni ni kazi tosha, usiuongezee na ufundi mpya.

Kwa mwenyeji twaongeza haya. Ukimkopa mgeni, mlipe mapema kuliko umlipavyo ndugu yako, kwa sababu hana uwezo wa kukudai. Akikosa, mkosoe yeye peke yake, wala si kabila lake. Na kama una upatu, na mgeni anaomba kuingia, hapana neno kumweka wa mwisho. Lakini ujue ya kwamba kwa majuma yote yale, mwenye deni ni wewe.